Difu ya Sahani

Mafuta yalitoka safi, na hilo likamtia wasiwasi.

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la mkewe, beseni kando ya sikio, akitazama mafuta yakishuka kutoka kwenye difu, ile bakuli ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Alitegemea yatoke meusi, yamejaa vumbi la chuma. Yalishuka mepesi, rangi ya chai ya rangi. Akajiambia kumbe wale vijana wa kituo cha mafuta wanaombadilishia mkewe wanajua kazi, akaendelea kulegeza boliti. Hakuwa na muda wa kushangaa. Mkewe, mkunga wa zahanati, angerudi jioni, na kesho alfajiri angempakia binti yao, mimba pevu na presha iko juu, wapande mlima kwenda hospitali kubwa. Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima.

Mlima ule wa udongo ulikuwa umewatia watu adabu. Gurudumu moja la nyuma likiingia kwenye tope, difu ya kawaida hulipelekea hilohilo nguvu zote, likazunguka bure, na lile la pili, lililo pakavu, likasimama tu kama mgeni asiyejua aketi wapi. Difu ya sahani haina upuuzi huo. Sahani zake hubanana, na magurudumu yote mawili yakavuta.

Miaka mitatu nyuma, mbele ya mashemeji, Fundi alipiga kifua. "Gari la mkunga nitalifunga difu ya sahani. Kukwama basi tena." Kisha akaenda kuuliza bei, akarudi amenywea. Akanunua kile kifaa cha wanyonge: vipande viwili vya chuma vyenye springi nne katikati. Unavipachika ndani ya difu ileile ya zamani, springi zinavisukuma, vinasuguana na gia, na gari linavuta kweli. Kwa muda. Vyuma vikishalika, unabaki na vumbi.

Kile kifaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa pale mkewe alipomuuliza, "Umeweka ile ya sahani?" na yeye akajibu, "Ileile."

Tangu siku hiyo hakupata raha. Kila masika, aliposikia gari linakoroma mlimani, aliweka spana chini akasikiliza. Kila mara gari likapanda. Na kila penye watu, msibani au harusini, mkunga hakuchoka kusema, "Mume wangu ndiye aliyelifunga." Watu wakamtazama Fundi kwa heshima, naye akatazama viatu vyake. Aliona aibu mpaka akaanza kukwepa shughuli. Alipotaka kulikagua, mkewe alimzuia kwa upole: "Wewe unashinda chini ya magari ya watu. Langu liache, mafuta nitabadilisha kituoni." Alijua anaaminiwa mno, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Safari hii hakuthubutu kubahatisha, maana anayepakiwa ni mwanawe. Alikuwa amepata difu ya sahani kutoka kwenye gari lililogongwa, na sasa ilikuwa pale pembeni, imefunikwa turubai. Angebadilisha kimyakimya, amalize, na uongo wake ugeuke kuwa kweli kabla chajio hakijaiva.

Akatoka uvunguni kufuata matambara jikoni. Mlangoni akajikwaa, kama kawaida yake, kwenye kile kizito cha kuzuia mlango usijifunge, ambacho mkewe alikishonea mfuko wa kitambaa cha maua.

"Baba, ipo siku utavunjika kidole," binti yake alisema, amejilaza ubavu kwenye kochi.

"Mama yako naye. Nani anashonea jiwe nguo?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema kitu kizito kikiachwa wazi kitaumiza mtu."

Fundi akacheka, akabeba matambara, akarudi kazini.

Boliti ya mwisho ikatoka. Akagonga kifuniko kidogo kikaachia, na kitu cha kwanza alichokiona ni gundi ya kuzibia kifuniko. Yeye tangu aanze ufundi hufungia gundi nyeusi, hatumii nyingine. Hii ilikuwa nyekundu.

Akavuta tochi karibu. Springi hazikuwamo. Vile vipande vya chuma havikuwamo. Zilikuwamo sahani, zimepangana vizuri, ndani ya difu ambayo mikono yake haijawahi kuigusa.

Alibaki pale chini, matope yanampenya mgongoni, na uso ukamwaka ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliwakumbuka wale wa msibani, wale wa harusini, na mashemeji mmoja mmoja. Alimkumbuka mkewe akimsifu mbele yao, na sauti yake isitikisike hata kidogo.

Hatimaye akajifuta. Akachakura kisanduku cha vifaa mpaka chini kabisa, akapata tyubu ya gundi nyekundu iliyosahauliwa na fundi mwenzake, akaipaka kifunikoni kwa uangalifu, pasibaki alama. Akarudisha boliti zote na kujaza mafuta mapya. Ile difu ya kwenye turubai akaisukuma nyuma ya matairi mabovu.

Aliporudi jikoni hakujikwaa. Alichutama mlangoni, akakibana kile kizito cha maua kwa viganja vyote viwili. Ndani ya kitambaa, kitu kikabonyea kidogo, kisha kikamsukuma, kama springi.

Getini mkewe alikuwa ameshafika, anaongea na jirani.

"Mvua inyeshe tu inavyotaka," alikuwa akisema. "Gari nimefungiwa na mume wangu mwenyewe."