Betri za Shekue

Siku hizi kila mtu anavaa kidude sikioni, na kila anayeongea nawe unamchagulia chombo cha zamani sauti yake ipitie. Mwanahawa alimweka mama mkwe kwenye redio isiyokamata stesheni. Mumewe Shekue, mbishi wa kupindukia, yeye Mwanahawa alimweka kwenye redio kaseti yenye betri zilizochoka. Kila akifoka, sauti inaburuzika mpaka hasira yenyewe inasinzia.

"Mwaaa-na-haaa-wa... chumviii..."

"Chumvi imefanyaje, baba Zubeda? Malizia, ugali unapoa."

"Na weee... nimekuweka... spika ya mnadaaa."

Wakacheka, wakala.

Jumapili Shekue alionja mchuzi, akasema ni mtamu. Mwanahawa akashtuka, maana tangu waoane mchuzi wake haujawahi kusifiwa. Akahisi betri zimezidi kuchoka, akabonyeza kidude kumchagulia mpya. Sauti ikabaki vilevile. Akakichomoa kidude, akakiweka mezani.

"Mbonaaa... unaniangaliaaa?"

Akampigia daktari, akajibiwa yuko njiani. Wakati wa kumsubiri hakujua afanye nini. Akakumbuka bibi yake alivyokuwa akianika betri za redio juani ili zipate nguvu. Akatandika mkeka uani, penye jua.

"Njoo ukae hapa kidogo."

"Kwani mimi... dagaaa?"

"Kaa tu, baba Zubeda."

Shekue akakaa. Mwanahawa naye akakaa ubavuni kwake, sikio wazi, akiomba moyoni mumewe aanze tena ile habari ya chumvi.