Ubongo wa Kulinganishia

Mzee alivua saa, mkanda na pete, akavitia kwenye trei ya plastiki, kisha akaushika mkono wa mkewe na kuung'ang'ania. Mwalimu, maana ndivyo kila mtu alivyoendelea kumwita hata baada ya kustaafu, alimwacha aushike. Ilimuuma kuona mwanamume aliyeishi kwa kupanda nguzo za umeme leo ameshikilia mkono wa mtu kama anayeogopa sindano.

Daktari mtafiti, binti wa rika la mwanawe wa mwisho, aliwaeleza utaratibu. Katika utafiti wao hawapigi picha ya ubongo wa mgonjwa peke yake. Wanapiga na ya mwenzi wake, mtu mzima wa afya na wa umri ule ule, anayekula naye chungu kimoja na kulala naye nyumba moja. Picha mbili zikiwekwa pamoja, ndipo wanaona ugonjwa umekula wapi. Kwa hiyo wote wawili wangeingia kwenye mashine, mmoja baada ya mwingine.

“Mimi sina neno,” alisema Mwalimu. “Kama kulala humo kutamsaidia, mwanangu, nitalala hata kutwa.”

Daktari alimtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

Mzee alipoondoka kwenda kubadili nguo, Mwalimu alipata nafasi ya kutoa ya moyoni, kwa kuwa alijua wanaume hawasemi. Alisema mzee wake amebandika karatasi kwenye kila kabati la jikoni, sukari, chumvi, majani ya chai, utadhani wamefungua duka. Anarudia maneno kama kasuku: umekula? umezima jiko? ufunguo uko wapi? Unamjibu, unakaa kidogo, anauliza yale yale. Siku hizi hata dukani hamwachi mtu aende peke yake. Safari moja Mwalimu aligeuka akamkuta nyuma yake na ndala za ndani, mzee mzima, amejibanza kwenye ukuta wa duka la dawa anajifanya kusoma tangazo la kliniki ya wajawazito. Mwalimu alicheka alipofika hapo. Daktari naye alicheka, lakini kicheko chake hakikwenda mbali.

Akauliza kama Mzee ana hasira za ghafla, kwa sababu ugonjwa huu una tabia hiyo.

Hapana, alijibu Mwalimu, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Ujanani alikuwa moto wa kuotea mbali, neno moja tu nyumba inawaka. Sasa ukimgombeza anatabasamu, anaingia jikoni, anaosha vyombo. Mtu habadiliki hivyo bure.

Hakuogopa kumuuguza. Yeye ndiye aliyemlisha na kumwogesha mama mkwe wake mpaka siku ya mwisho, na kazi hiyo aliijua. Alichoogopa ni kusahauliwa. Uishi na mtu, uzae naye, mzike wazazi wa pande zote mbili, halafu asubuhi moja aamke ubavuni mwako akuulize wewe ni nani. Wazo hilo lilimkosesha usingizi, na kila alipomsikia Mzee akikoroma alimwonea huruma na wivu kwa pamoja.

Mzee alitangulia, akatoka salama. Zamu ya Mwalimu ilipofika, mwanamke mnene aliyeendesha mashine alimpokea kwa utani, akisema anaomba leo wasigombane tena kwa ajili ya vizibo vya masikio. Mwalimu alimwona ana mazoea ya haraka, lakini akamsamehe. Mahali penye watu wengi namna hii, bila shaka alimfananisha na mtu.

Mashine ilipiga kelele kama watu wanaogonga mabati. Mwalimu alifumba macho akaomba dua moja tu, kwamba picha ya mumewe itoke safi.

Haikutoka safi. Walipoitwa ofisini, picha zote mbili zilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, ubavu kwa ubavu. Ubongo mmoja ulikuwa umelijaza fuvu vizuri. Wa pili ulikuwa umesinyaa kama chungwa lililokaukia ndani ya ganda, na katikati yake nafasi nyeusi zilikuwa zimepanuka. Daktari alianza kueleza kwa sauti ya chini, lakini Mwalimu hakuhitaji maelezo. Alipiga moyo konde, akamgeukia mumewe, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

“Usiogope,” alimwambia. “Mimi nipo. Ukisahau jina langu, nitakutajia. Ukisahau tena, nitakutajia tena. Sitachoka.”

Machozi yalimtoka Mzee mbele ya daktari, naye hakuyafuta.

Mwalimu hakutaka kulia mbele ya mgonjwa. Aliomba kwenda kunawa uso, na yule mwanamke wa mashine, ambaye alikuwa anangoja nje, akamshika mkono na kumwongoza koridoni. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Daktari alivuta kiti karibu. Alisema kwa upole kwamba walikuwa wamekubaliana Mzee amwambie mkewe ukweli kabla ya kuja.

“Nilimwambia asubuhi, kama nilivyomwambia jana na juzi,” alijibu Mzee. “Kila mara analia upya, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kuwa anaumwa. Leo tumwache tu aamini kwamba mgonjwa ni mimi.”