Sabuni ya Kidato cha Tatu

Mgeni kutoka Mbeya mjini aliinua chupa ya sabuni ya maji, akauliza, "Hii mmetengeneza wenyewe?"

Ruwaida aliijua harufu ile ya limau. Ilikuwa sabuni ya dukani, imebandikwa jina la shule yao. Ile waliyoihangaikia wiki tatu katika somo la ujasiriamali aliikuta asubuhi imemwagwa chooni, povu limetanda sakafuni.

Madamu wa somo hilo, aliyewaambia kila kipindi kwamba mjasiriamali haogopi kushindwa, alimminya bega. "Mjibu mgeni, mwanangu."

Vidole vya madamu vilikuwa vya baridi, vinatetemeka. Kumbe aliyeogopa ni yeye.

"Yetu ilikuwa nyepesi, mheshimiwa," Ruwaida alisema. "Imemwagwa chooni. Twende nikuoneshe."