Kibaraza cha Makame

Kikundi cha kuchimba mtaro wa maji ya mvua kilipofika mbele ya nyumba ya Makame kilisimama. Kibaraza alichokijenga kwa mikono yake kiliziba njia. Kila alasiri alikaa hapo na wenzake, wakiwacheka wanaochimba eti kujikinga na mvua za siku hizi, zisizonyesha bali kumwagika.

"Usihofu, shemeji," alisema Bi Hidaya, kiongozi wao. "Tutakizunguka."

Makame akaitazama kamba waliyoilaza chini kuonyesha mtaro utakapopita. Ilipinda, ikaelekea mlangoni kwa Bi Nunu, jirani yake mjane. Masika yaliyopita alitolewa dirishani, maji yakimfika kifuani.

"Maji yatampiga huyu."

"Yatampiga. Ndiyo njia iliyobaki."

Makame aliingia ndani, akatoka na nyundo kubwa. Pigo la kwanza likamega kona ya kibaraza.

"Kikundi kimekuoa?" mwenzake mmoja akamuuliza, angali amekaa kibarazani na wengine.

"Inuka. Unakalia njia ya maji."

Akainuka. Wote wakainuka, wakasimama juani na vikombe vya kahawa mkononi, hawana pa kukaa. Bi Hidaya akachomeka sepetu mbili mchangani karibu nao, akarudi kuchimba.