Mvumo wa Amplifaya

Buberwa alikigeuza kisanduku cha springi zinazotoa mwangwi ndani ya amplifaya ya gitaa lake, akakisogeza mbali na transfoma, akakaza skrubu. Akaiwasha amplifaya. Ikavuma vilevile.

"Bado," alisema.

"Bado nini, baba?" mwalimu wa kwaya aliuliza. "Mbona imetulia tangu wiki iliyopita? Tupe sauti tuanze kuimba."

Watu wa siku hizi hawana masikio, alijisemea. Tangu ujana wake, yeye ndiye aliyewasahihisha waimbaji wa kanisa hili la Buhembe kila sauti ilipopotea. Alipiga magoti, akazigusa springi kwa ncha ya kidole. Zikatetemeka kidogo, zikatulia. Mvumo haukutulia.

Hapo umeme ukakatika. Feni za dari zikapunguza mwendo hadi zikasimama, na taa nyekundu ya amplifaya ikazimika.

"Mawe, mama yangu! Umeme tena!" waimbaji walilalamika. Kisha kanisa zima likawa kimya.

Buberwa alichomoa waya ukutani. Mvumo ulikuwa palepale.

Taratibu, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Mvumo ukaongezeka.