Harusi ya Gari la Kijani

Jumamosi, tarehe 12 Mei 1979. Manyunyu yalianza kabla ya saa moja asubuhi, na upepo ulikuwa wa baridi kuliko ilivyopasa mwezi wa tano, wakati huku majira ya baridi yameshapita.

Rowland Tibbets alisimama mlangoni pa kanisa, ua jeupe kifuani, akisikiliza barabara. Bibi harusi hakuwa ameonekana bado, lakini gari lake lilishasikika.

"Anapanda kilima," alisema Len, msimamizi wake. "Sikia hapo. Amebadili gia konani na haikukwaruza hata kidogo."

"Lile gari lina gia tamu," Rowland akajibu.

"Na bibi harusi je?"

"Naye pia."

Hester Cobley akatokea, anaendesha mwenyewe, paa limekunjwa nyuma. Wenye magari ya zamani kama hilo hawafungi paa kwa sababu ya mvua. Alikuwa amevaa mfuko wa nailoni juu ya shela, ameufunga kidevuni. Wanachama arobaini wa klabu ya magari ya zamani, waliopanga magari yao kando ya makaburi, walivua kofia. Walilivulia gari.

Ilikuwa MG ya kijani, gari la mbio la mwaka 1934, la viti viwili, lililokimbia katika uwanja wa mashindano wa Brooklands kabla ya vita. Hester aliachiwa gari hilo na marehemu mumewe. Tangu hapo Rowland alikuwa ameomba kulinunua gari hilo mara kumi na moja, na kila mara Hester alimkaribisha ndani, akampa chai na keki, akamkatalia. Mara ya kumi na mbili Rowland aliomba kumwoa. Hapo Hester alikubali kabla chai haijapoa.

"Kwa hiyo umeshindwa kulinunua, ukaona uoe," Len alinong'ona.

"Punguza sauti, bwana we. Tuko kanisani."

"Mungu anajua tayari. Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Gari lilikuwa na kasoro moja. Zamani za mashindano injini ikichoka ilitolewa, ikawekwa nyingine, na hakuna aliyeuliza ya kwanza imekwenda wapi. Siku hizi wote wanauliza. Kwa watu hawa, namba ya injini isipolingana na ile iliyoandikwa kiwandani, gari ni kama mtu anayetafuna kwa meno ya mwenzake. Bwana Ogden, mtunza rejista ya klabu, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Injini si yake.*

Injini yake alikuwa nayo Rowland. Aliipata miaka minane nyuma kwa mpasua mbao mmoja wa Ledbury, ikizungusha msumeno. Akailipia bila kubishana bei, akaifungia bandani, asimwambie mtu. Kila Jumapili alipiga magoti akaomba, na sala yake ilikuwa fupi, yenye magurudumu manne. Alitaka gari na injini vikutane chini ya paa lake, na katika rejista liandikwe jina lake, Rowland Tibbets, mtu aliyelikamilisha gari lile. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Hester, maskini, hakujua lolote la injini. Ndivyo Rowland alivyoamini. Mara moja tu Hester alimwuliza, akimkatia keki, "Bandani kwako kuna nini hasa?"

"Makorokoro tu, mpenzi."

"Makorokoro nayo ni mali."

Rowland aliona kucha za Hester zina weusi kama wa grisi.

"Bustani," Hester akasema, akaficha mikono chini ya meza.

Kuhusu harusi Hester alidai mambo mawili. La kwanza, Bwana Ogden akae benchi la mbele kabisa, kwa kuwa masikio yake yamezeeka. La pili, ibada isomwe kutoka kitabu cha sala cha zamani. Kasisi Fairclough alijaribu kumshawishi.

"Mama, hiki kipya kinasema yaleyale, ila kwa ufupi."

"Si yaleyale, Kasisi. Nimevisoma vyote viwili."

Rowland alifurahi. Aliona anaoa mcha Mungu.

Basi ibada ikaanza. Wakaimba, wakakaa, wakasimama. Hakuna aliyepinga ndoa, ingawa Len alikohoa. Kasisi akaweka pete juu ya kitabu, akaibariki, akampa Rowland. Rowland akaishika kwenye ncha ya kidole cha Hester, akawa anafuatisha maneno.

"Kwa pete hii ninakuoa," Kasisi alisoma.

"Kwa pete hii ninakuoa."

"Kwa mwili wangu ninakuheshimu."

"Kwa mwili wangu ninakuheshimu."

"Na mali zangu zote za dunia ninakupa."

Hilo Rowland alilisema harakaharaka, jicho moja likiwa dirishani, ambako gari la kijani lilikuwa linalowa. Akasukuma pete. Pete ikafika kwenye kiungo cha kidole, ikakwama. Hester alikuwa amekunja kidole.

"Samahani, Kasisi," alisema kwa upole. "Bwana Ogden hajalisikia hilo la mwisho. Naomba Rowland alirudie, aanze na namba elfu mbili mia tatu na sita. Ile ya kwa mpasua mbao."

Rowland alimtazama Len, na Len akatazama dari. Kwenye benchi la mbele Bwana Ogden hakuwa na kitabu cha nyimbo. Magotini alikuwa na rejista, imefunguliwa, naye alikuwa anafungua kifuniko cha kalamu ya wino mweusi.

"Tunakusubiri, mpenzi," Hester akasema.

Rowland akamgeukia Bwana Ogden.

"Injini namba elfu mbili mia tatu na sita," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlango wa nyuma, "na mali zangu zote za dunia, ninakupa."