Simu ya Kupelekea Posa

Simu ilikaa kwanza, ndipo Ahmada naye akakaa. Aliilaza katikati ya mkeka, kioo juu, ubavuni mwa sinia ya halua, Mzee Hamdan asije akasema hakuiona. Kisha ndio akakumbuka kumpa mwenye nyumba mkono.

Sikwambii simu yenyewe. Kamera tatu mgongoni, na kioo unaweza kukinyolea ndevu. Na huyo Ahmada, wakala wa tiketi za boti pale Mkoani, hana hata baiskeli. Lakini simu anayo, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilitosha.

Wala hakutakiwa awepo. Posa hupelekwa na wazee, mposaji akabaki kwao kusubiri jibu. Shangazi yake, Bi Mwatum, alimwambia hivyo mpaka akachoka. Ahmada akamjibu kuwa ami yake hajui hata kuiwasha simu, sasa nani ataionyesha? Aliamini kabisa kwamba watu wa Mgogoni, kwao msichana, wakishaiona tu, posa imepita.

Na posa hiyo aliitaka kwa roho yake yote. Si kwa ajili ya msichana. Msichana mwenyewe alikuwa hajapata kumwona wala kumsikia. Bi Mwatum alipoanza kumweleza kuwa Samiha ni mtoto mwenye adabu, na kazi anayo, Ahmada alimkata kauli. Alichotaka kujua ni mikarafuu ya baba yake imefika wapi. Akaambiwa imefika mpaka mtoni. Basi, hapo hapo akawa keshapenda.

Simu aliipata supamaketi ya mjini Chake, kwenye kabati la kioo baina ya maziwa ya kopo na nepi za watoto. Mwenye duka kaona sabuni na unga havitoshi kuwakamua watu, kaleta na simu za wakubwa: unachukua kwa mkataba, unalipa kila mwezi pamoja na bando. Mwenye akili zake anaitazama ile bei, anacheka, ananunua sabuni yake na kwenda zake. Ahmada akatia saini. Malipo ya mwezi yakameza karibu mshahara wote, na tangu siku hiyo chakula chake cha usiku kikawa kwa Bi Mwatum.

Kwenye kaunta ya simu alikuwapo msichana wa nikabu, unaona macho tu, mwenye sauti nzito inayokwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Alimwuliza kwa upole mdhamini wake ni nani.

"Mkwe wangu," akasema Ahmada, bila haya hata chembe. "Mzee Hamdan wa Mgogoni. Bintiye nishamwoa. Mtoto wa shamba tu, lakini ana faida yake."

Na posa ilikuwa hata haijapelekwa! Msichana akamwomba alitaje jina mara ya pili, akaliandika. Namba ya simu ya mkwe Ahmada aliibuni palepale, nayo ikaandikwa bila swali. Alitoka dukani akijiona mjanja kuliko Pemba nzima.

Mwanzo alilipa. Kisha mwezi mmoja hakulipa, na asubuhi ya posa yule msichana wa kaunta akampigia.

"Ndugu mteja, malipo yako yamechelewa. Usipolipa leo, itabidi tumfikie mdhamini wako."

Ahmada alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia arudi akapange maziwa yake ya kopo, na huko Mgogoni njia yenyewe haijui.

"Tutamfikia tu, ndugu mteja," akajibu msichana, akakata.

Muuza nepi kumtisha mtu mwenye simu kama ile! Ahmada alijipulizia manukato, akamtanguliza ami yake, wakaenda.

Mzee Hamdan alikuwa mtu mpole, kisimu chake cha kitochi kimefungwa raba kisifumuke betri. Ahmada alikitazama kwa huruma. Mzee akaiona ile simu kwenye mkeka, ingekuwaje asiione, akauliza kwa adabu imepatikana wapi.

"Dubai, mzee. Taslimu. Mie mambo ya mkopo siyawezi, hayo ya watu wasiojiheshimu."

Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, mtu alikohoa. Ahmada akafurahi kuwa kumbe na huko anasikika, akapandisha sauti, akaeleza tena habari za Dubai, ambako miguu yake haijapata kukanyaga. Ami yake akainamisha kichwa akawa anatazama halua.

Maneno ya posa yakasemwa. Mzee Hamdan akasikiliza mpaka mwisho, akageukia pazia.

"Samiha mwanangu, umesikia mwenyewe. Unaridhia?"

Kwa desturi yao msichana halazimishwi aseme. Akinyamaza, karidhia, itasomwa fatiha na halua italiwa. Pakawa kimya. Kikazidi. Ami mtu akaanza kukunjua viganja vya dua. Ahmada alishafika kwenye mikarafuu, anaipita mmoja mmoja kutoka uani kuteremka mtoni, anafikiria ipi aiuze mwanzo. Akanyoosha mkono aichukue simu, apige picha ya kumbukumbu.

"Ndugu mteja," ikasema sauti nzito inayokwaruza nyuma ya pazia, kwa upole uleule, "mdhamini wako ndiye huyo uliyekaa naye. Umwambie weye, au nimwambie mie?"